UZI: Shingo iliyovunjika, mgonjwa karuhusiwa kwenda nyumbani. Kosa linaanzia wapi, na nani anawajibika?

Mleta mada

Wakuu, habari za muda huu.

Nimefanya kazi idara ya dharura kwa miaka mingi, na kuna aina moja ya kosa ambalo haliniishi moyoni. Mgonjwa analetwa baada ya ajali au kuanguka, anapigwa eksirei, anaambiwa mifupa iko sawa, anapewa dawa za maumivu na kuruhusiwa. Kumbe pingili ya shingo imevunjika, au kano zinazozishikilia pingili zimechanika. Wapo wanaorudi baada ya siku kadhaa mikono imekufa ganzi. Wapo wanaorudishwa wakiwa wamebebwa.

Naomba tujadili usalama wa mgonjwa na uwajibikaji wa kisheria kwa pamoja, maana kwenye hili haviachani. Msimamo wangu nauweka mapema ili atakayenipinga ajue anapinga nini: shingo nyingi zinazotuponyoka hazituponyoki kwa sababu ufa ulikuwa mdogo mno kuonekana. Zinatuponyoka kabla ya picha, pale ambapo hakuna aliyeuliza wala kuishika shingo. Au zinatuponyoka pale picha pungufu ilipopokelewa kana kwamba imekamilika. Na wakili wa mgonjwa anapofungua faili, ndiko anakoanza kuchimba.

Kwa wasio wa fani: shingo ina pingili saba. Katikati yake umepita ugwe wa mgongo, ambao ndio njia ya amri zote zinazotoka kwenye ubongo kwenda mwilini. Neva zinazoendesha kiwambo, ule msuli mkuu wa kupumua, zinatokea usawa wa pingili ya tatu hadi ya tano. Kwa hiyo mtu akiumia juu ya hapo anaweza kushindwa kupumua kabisa. Mfupa unaweza kuvunjika na ugwe ukabaki salama, mgonjwa akatembea, akaongea, akalalamika shingo tu. Huyo ndiye ninayemzungumzia. Bado hajadhurika, na kila kitu kinategemea kama kuna mtu atagundua kabla pingili haijateleza.

Tafiti mbili za mwaka 1987 na 1993 zinaonyesha ukubwa wa tatizo. Ule wa 1993 ulifanyika Marekani ukapitia majeruhi zaidi ya 32,000. Waliokuwa na majeraha ya shingo walikuwa 740, na kati yao 34 waligunduliwa kwa kuchelewa au hawakugunduliwa kabisa. Sababu iliyoongoza ilikuwa kutopigwa seti kamili ya picha. Ule wa 1987 ulilinganisha waliogunduliwa mara moja na waliocheleweshwa: waliopata udhaifu mpya wa neva baadaye walikuwa asilimia 1.4 kwa kundi la kwanza na asilimia 10.5 kwa kundi la pili. Kuchelewa kuna gharama yake, na gharama hiyo analipa mgonjwa.

Sasa kuhusu kuuliza na kushika. Hatukosi mwongozo. Mwaka 2000 zilitoka kanuni za NEXUS, zilizojaribiwa kwa wagonjwa 34,069 katika vituo 21 vya Marekani. Zinasema unaweza kuacha kupiga picha ikiwa mgonjwa hana maumivu unapobonyeza mstari wa kati nyuma ya shingo, hajalewa, akili yake iko timamu, hana dalili ya neva iliyoathirika, na hana jeraha jingine lenye maumivu makali ya kumsahaulisha shingo. Mwaka uliofuata ikatoka kanuni ya Kanada, iliyotokana na wagonjwa 8,924. Yenyewe inaanza na hatari: umri wa miaka 65 na kuendelea, namna ya ajali (kuanguka kutoka kimo cha kama mita moja au ngazi tano, kujitosa majini kwa kichwa, gari kubingirika, kurushwa nje ya gari), au ganzi na kuwashwawashwa mikononi na miguuni. Kimojawapo kikiwepo, piga picha, hakuna mjadala. Kama hakuna, unatafuta dalili ya usalama, mfano mgonjwa aliyekwisha kutembea au ambaye maumivu yalianza baadaye. Ikipatikana, unamwambia ageuze shingo mwenyewe digrii 45 kulia na kushoto.

Zilipolinganishwa mwaka 2003, kanuni ya Kanada ilinasa asilimia 99.4 ya majeraha yenye uzito na NEXUS asilimia 90.7. Mimi natumia ya Kanada. Lakini hata anayetumia NEXUS kwa uaminifu yuko mbali sana na yule anayeandika kwenye faili "Shingo: kawaida" bila kuvua kola ya kushikilia shingo, bila kupitisha vidole kuanzia chini ya kisogo, mwiba mmoja wa pingili baada ya mwingine, mpaka katikati ya mabega, huku akimtazama mgonjwa usoni. Maneno hayo mawili nimeyakuta kwenye mafaili mengi. Hayasemi nani aliangalia, aliangalia nini, wala mgonjwa alikuwa katika hali gani. Mgonjwa akidhurika, hayamlindi yeye wala aliyeyaandika.

Karibuni.

Mionzi_Kwanza

Asante mleta mada. Mimi ndiye ninayepiga hizo picha, naomba niongezee upande wetu maana huwa tunalaumiwa wakati wa kesi lakini hatuulizwi wakati wa kazi.

Eksirei ya shingo kwa ubavu ni lazima ionyeshe kuanzia chini ya fuvu hadi sehemu ya juu ya pingili ya kwanza ya kifua. Ya saba lazima ionekane, pamoja na maungio yake na ile iliyo chini yake. Kwa mtu mwenye mabega mapana au misuli iliyokaza kwa maumivu, mabega yanafunika ya sita na ya saba. Unapata picha nzuri sana ya pingili tano. Hapo tunashusha mabega kwa uangalifu, au tunapiga picha ya mkono mmoja juu na mwingine chini, ile ya mtindo wa mwogeleaji. Bado isipoonekana, ni CT, ile eksirei ya kompyuta inayoonyesha mfupa kipande kwa kipande.

Kinachotokea usiku ni hiki: picha inapelekwa, daktari ana wagonjwa wengine kumi, anaiangalia, hakuna anachokiona kimevunjika, anaruhusu. Hakuhesabu. Nawaomba madaktari vijana kitu kimoja: wekeni kidole kwenye kioo mhesabu, moja mpaka saba, kila picha, kila mara. Msipoifikia ya saba, andikeni "picha haitoshi", msiandike "hakuna jeraha". Hizo ni kauli mbili tofauti kabisa.

Na tusidanganyane kuhusu eksirei yenyewe. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti uliochapishwa 2005 ulikuta eksirei za kawaida zinanasa karibu asilimia 52 ya majeraha ya shingo, na CT asilimia 98. Kwa mtu mwenye hatari kubwa, eksirei safi haijakuambia mengi.

Mleta mada

Mkuu, hii ya kuhesabu ningependa ibandikwe ukutani kila chumba cha dharura. Niongeze moja: ukipata mfupa uliovunjika, usisimame hapo. Jicho likishapata linachokitafuta linatulia, na mvunjiko wa pili ulio pingili mbili chini unapita. Mwenye mvunjiko mmoja wa uti wa mgongo anastahili uti wake wote uangaliwe.

Daktari_Zamu

Nitapinga kidogo, kwa heshima.

Mnaandika kana kwamba kila anayekosewa amekosewa na mtu mvivu. Shingo iliyovunjika kweli ni nadra kati ya wote wanaoletwa na maumivu ya shingo. Kwenye hiyo NEXUS yenyewe, kati ya watu zaidi ya elfu 34 waliokuwa na jeraha ni 818. Tukimpeleka kila mtu CT, tunamwaga mionzi kwenye tezi za shingo za vijana wasio na tatizo lolote, tunajaza foleni, na yule mwenye damu inayovuja kwenye ubongo anasubiri nyuma yao. Hofu ya kushtakiwa inatufanya tupime ili kujilinda sisi, na mgonjwa hafaidiki. Mimi nimeona idara ambako kola inavalishwa kila mtu na havuliwi mtu, wazee wanakaa nazo saa nyingi mpaka wanapata vidonda kidevuni na kisogoni.

Halafu mkumbuke tatizo la kujua baadaye. Ukishajua mgonjwa amepooza, kila kitu kwenye faili kinaonekana kilikuwa kinapiga kelele. Usiku ule hakikuwa kinapiga kelele.

Mleta mada

Mkuu, sipingani na wewe kwenye mionzi wala kwenye kola, na nafurahi umelileta. Kanuni ya Kanada ilitungwa kwa nia ya kupunguza picha. Inakuruhusu kumwacha mtu bila picha na ukasimama mbele ya yeyote ukieleza kwa nini. Mtu wa miaka 30, gari lake limegongwa nyuma kwa mwendo mdogo, ameshuka mwenyewe, maumivu yalianza jioni yake, anageuza shingo pande zote: mvue kola, mwache aende, andika ulichokiona. Sijawahi kusema kila mtu apigwe CT.

Ninachokataa ni kutumia wingi wa wagonjwa kama sababu ya kuruka hatua ya kuuliza na kushika. Hatua hiyo inachukua dakika chache mno, na ndiyo inayokuambia nani hahitaji picha. Foleni yako inapungua kwa kuifanya.

Kuhusu kujua baadaye uko sahihi kabisa. Ndiyo maana wapitiaji wa makosa wanatakiwa wasome faili kwa mpangilio wa saa, bila kuambiwa mwisho wake mapema. Ni wachache wanaofanya hivyo.

Binti_Mkubwa

Mimi si mtu wa hospitali, nimesoma kimya nikaona niandike.

Baba yangu mkubwa ana ugonjwa wa uti wa mgongo kukakamaa, mgongo wake wote umekuwa kitu kimoja kuanzia kiunoni mpaka shingoni. Aliteleza akaangukia kiti. Si ajali ya kuhadithia mtu. Tulimpeleka hospitali (sitaitaja), wakasema ameanguka kwa kimo kidogo, eksirei haionyeshi kitu, arudi akapumzike. Alikuwa akisema shingo yake "imekaa vibaya", kichwa hakikai alipokizoea. Mimi nikamwambia baba, daktari kasema huna kitu. Usiku wa pili akashindwa kushika kikombe. CT ndiyo ikaonyesha shingo imekatika pande zote mbili, mbele mpaka nyuma, na damu imekusanyika ikiubana ugwe. Alifanyiwa upasuaji, anatembea kwa fimbo sasa, vidole havijarudi sawasawa.

Swali langu: walipaswa kujua? Maana hata mimi nikiangalia, kuanguka kwenyewe kulikuwa kudogo.

Mleta mada

Pole sana dada, na umpe pole baba mkubwa.

Jibu ni ndiyo, walipaswa kujua, na wala si kwa werevu wa kupita kiasi. Mgongo uliokakamaa kwa ugonjwa huo hauna unyumbufu, mfupa umedhoofika na pingili zilizoungana zimekuwa kama mfupa mmoja mrefu, unavunjika kwa kishindo kidogo ambacho wewe na mimi tungeinuka na kujifuta vumbi. Na ukivunjika unavunjika kote, kwa hiyo haujitegemezi. Eksirei zake ni ngumu kusoma kwa sababu mifupa imeshaharibika umbo. Kwa mgonjwa kama huyo maumivu mapya baada ya kuanguka ni CT, na CT isipoonyesha kitu na maumivu yapo, ni MRI, picha ya sumaku inayoonyesha ugwe na kano. Hata kanuni ya Kanada haimhusu, maana wenye ugonjwa wa pingili unaojulikana waliwekwa nje ya utafiti.

Neno lake kwamba shingo imekaa vibaya lilikuwa na uzito kuliko eksirei. Wagonjwa hawa wanaijua shingo yao. Akikuambia imebadilika, imebadilika. Na kama umbo lake la kawaida ni kuinama, usimlaze chali ukamnyoosha ili kola ienee. Unaweza kumkata ugwe kwa mkono wako mwenyewe. Mshikilie kama alivyo.

Wazee kwa jumla ndio wanaotuponyoka zaidi. Anaanguka kutoka kwenye kimo chake mwenyewe, anagonga paji la uso, tunashona jeraha la paji la uso na kumpima kichwa. Kumbe kile kijiti cha mfupa cha pingili ya pili ndicho kilichovunjika. Kuna na wale ambao CT yao haina mvunjiko, ila shingo ilipinda kwa nyuma, ugwe ukabanwa katikati: mikono dhaifu, miguu inatembea. Kwa kuwa wanatembea, wanaambiwa ni uzee. Mtu yeyote aliyeanguka na sasa hawezi kufunga vifungo vya shati anahitaji MRI.

Muuguzi_wa_Mapokezi

Mjadala mzuri. Mimi naomba nizungumzie makabidhiano, hapo ndipo mimi naona shingo zinapotea.

Mgonjwa anafika na kola, aliyemleta anasema "alilalamika ganzi vidoleni njiani, sasa imepungua". Mimi nasikia, ninamwambia daktari wa kwanza kwa mdomo. Zamu inabadilika. Daktari wa pili anamkuta mgonjwa ametulia, kapewa dawa kali ya maumivu, anabonyeza shingo haimuumi. Kola inavuliwa. Ile ganzi ya njiani haikuandikwa popote. Na ganzi iliyokuja ikaondoka ni hatari kama iliyopo.

Tangu hapo ninaandika mwenyewe kwenye karatasi ya mapokezi, maneno ya mgonjwa kama alivyosema, na saa. Hata kama daktari ataona naingilia kazi yake.

Wakili_Mezani

Wadau, nimekesha kwenye uzi huu. Mimi ni mwanasheria, nimesimamia kesi za aina hii pande zote mbili. Sheria za nchi zinatofautiana, lakini nchi nyingi zilizorithi mfumo wa Uingereza zinauliza maswali yaleyale, kwa hiyo nitatumia kesi za kule zinazojulikana.

Swali la kwanza: je, kulikuwa na wajibu? Idara ya dharura ikishampokea mgonjwa, wajibu upo. Na hauanzi kwa daktari tu. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya Darnley: mtu aliyepigwa kichwani aliambiwa na mpokezi kwamba atasubiri kwa muda wa hadi saa nne au tano, akaondoka baada ya dakika 19. Ukweli ni kwamba muuguzi angemwona ndani ya nusu saa. Alipata madhara ya kudumu ya ubongo. Mahakama ikasema hospitali ina wajibu wa kutotoa taarifa ya kupotosha, na haijalishi kwamba aliyeitoa si mtu wa tiba. Kwa hiyo Muuguzi wa Mapokezi, karatasi yako ni sehemu ya huduma, si ziada.

Swali la pili: je, wajibu ulivunjwa? Kipimo cha zamani ni cha kesi ya Bolam, 1957: daktari hana hatia akitenda kama ambavyo kundi la wataalamu wenye kuheshimika wangetenda. Mwaka 1997 kesi ya Bolitho ikaongeza kwamba maoni ya kundi hilo lazima yahimili mantiki. Hapa ndipo kanuni ya Kanada na NEXUS zinapoingia. Si sheria, unaweza kuziacha. Lakini lazima uwe na sababu inayosimama, na sababu hiyo iwe kwenye faili ya siku ile, si kwenye kumbukumbu yako ya miaka mitatu baadaye. Na ugeni kazini haumwokoi mtu: Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye kesi ya Wilsher, 1986, kwamba kiwango kinapimwa kwa nafasi unayoishika. Mgeni anajiokoa kwa kumwita mkubwa wake.

Swali la tatu ndilo watu wengi hawalijui na ndilo linaloangusha kesi: je, kosa hilo ndilo lililoleta madhara? Mwaka 1968, kesi ya Barnett, walinzi watatu wa usiku walifika idara ya dharura wakitapika baada ya kunywa chai. Daktari hakuwaona, akaagiza waende nyumbani. Mmoja akafa kwa sumu ya aseniki. Mahakama ilisema hospitali ilivunja wajibu, lakini hata angeonwa angekufa, kwa hiyo mjane hakupata kitu. Kesi ya Hotson, 1987, inafanana zaidi na mada hii. Mvulana wa miaka 13 alianguka akaumia nyonga, hospitali haikugundua kwa siku tano. Ushahidi ukaonyesha kuwa hata angegunduliwa mara moja, kulikuwa na uwezekano wa asilimia 75 kwamba nyonga ingekufa tu. Hakimu wa kwanza alimpa robo ya fidia. Mahakama ya mwisho ikaifuta yote, maana kwenye madai unatakiwa uvuke nusu.

Sasa rudini kwenye shingo. Kama mgonjwa alifika tayari amepooza, hospitali itasema ugwe ulikatika kwenye ajali. Kama alifika anatembea na kupinda vidole vyote, kisha akapooza nyumbani au kwenye machela, utetezi huo unakufa. Kwa hiyo kipimo cha nguvu na hisia za mikono na miguu kilichoandikwa saa ya kufika ndicho ushahidi mkuu wa kesi nzima. Kinamlinda daktari aliyefanya vizuri, kinamlinda mgonjwa aliyekosewa. Kisipokuwepo, pande zote zinabishana gizani, na niamini, mahakama haimwonei huruma sana yule aliyekuwa na jukumu la kuandika akaacha.

Daktari_Zamu

Wakili, asante, hii imenisaidia. Swali: ikigundulika asubuhi kwamba tumekosea, tukimpigia mgonjwa tukamweleza na kumwomba radhi, si tumejikaanga?

Wakili_Mezani

Hapana. Kusema "tumeiangalia picha yako tena, tumeona jeraha ambalo jana hatukuliona, tunasikitika, rudi sasa hivi, usiendeshe gari, usigeuze shingo" ni kumpunguzia madhara mgonjwa, na madhara ndiyo yanayodaiwa. Uingereza hospitali za umma zina wajibu wa kisheria wa kusema ukweli kwa mgonjwa aliyedhurika tangu 2014. Pengine kwenye nchi yako hakuna kifungu hicho, lakini kwa uzoefu wangu wateja wengi waliokuja ofisini kwangu hawakuja kwa sababu ya kosa. Walikuja kwa sababu waliuliza wakajibiwa kwa kuzungushwa, au faili likapotea, au likaonekana na wino mpya juu ya wino wa zamani. Kuongeza maelezo baadaye unaruhusiwa, weka tarehe na saa ya siku unayoongeza. Kubadilisha yaliyokuwepo ni kosa jingine, na ni zito kuliko la kwanza.

Mleta mada

Hapo kwenye faili nasisitiza kwa nguvu zangu zote.

Ila kuna kitu kinaniuma, wakili, na sikulaumu wewe. Kesi inamtafuta mtu mmoja. Huyo mtu akipatikana, akalipa au akafukuzwa, hospitali inapumua, na mwezi unaofuata picha pungufu inapita tena mikononi mwa mwingine. Muuguzi kaeleza makabidhiano ya mdomo. Mionzi kaeleza picha zisizohesabiwa. Hakuna hukumu inayoweka daktari wa mionzi wa kusoma picha za usiku. Mimi naamini fidia ni haki ya aliyedhurika na nitaitetea, lakini usalama unajengwa na idara inayokaa chini, inafungua faili, na kuuliza ni mlango upi uliachwa wazi, kisha inaufunga.

Msomaji_Kimya

Samahani wakuu, sisi tusio wa fani tukimpeleka ndugu yetu tuseme nini? Maana ukisema sana unaonekana mjuaji.

Mleta mada

Semeni, na msione haya. Elezeni aliangukaje: kimo gani, kichwa kiligonga au la, gari lilibingirika au la. Semeni kama alihisi ganzi, kuwashwawashwa au udhaifu hata kwa dakika moja. Tajeni ugonjwa wowote wa mgongo, dawa za kuzuia damu kuganda, na kama alikuwa amelewa. Kwa mtoto mdogo mkumbuke kichwa chake ni kizito ukilinganisha na shingo, na kano zake zinavutika, ugwe unaweza kuumia bila mfupa kuvunjika. Mtoto anayeshikilia shingo upande mmoja baada ya kuanguka asipuuzwe. Kisha ulizeni swali moja: "Picha imeonyesha shingo yote mpaka chini?" Daktari mzuri hatakasirika.

Na akiruhusiwa, mrudisheni mara moja akipata ganzi au udhaifu mpya, akishindwa kuzuia haja, au maumivu yakizidi badala ya kupungua. Pia kizunguzungu kikali, kuona vitu viwili, mdomo kwenda upande, kuongea kwa shida: mishipa ya damu inayopita ndani ya pingili za shingo inaweza kuchanika siku ya ajali na kuleta kiharusi saa au siku kadhaa baadaye.

Mionzi_Kwanza

Naomba la mwisho kutoka kwangu. Kwetu picha zote za usiku zinasomwa upya asubuhi na daktari bingwa wa mionzi. Utaratibu mzuri sana. Tatizo tulilokutana nalo: jeraha linaonekana saa mbili asubuhi, tunafungua faili kumtafuta mgonjwa, na namba ya simu haipo, au ipo ya jirani aliyehama. Tulibadilisha kitu kimoja. Kabla ya mgonjwa yeyote wa ajali kuruhusiwa, muuguzi anaipiga ile namba palepale, simu iite mkononi mwa mgonjwa au wa ndugu aliye naye. Isipoita, haruhusiwi mpaka ipatikane inayoita. Mwenye idara isiyofanya hivi aanze nalo zamu yake ijayo, halihitaji bajeti wala kikao.